Madeni yamepotea kwenye apu: simamisha sasisho kwanza, halafu tutafute

Swali: "Nimetengeneza apu ya Android ya kuandika madeni ya dukani, kwa lugha ya Kotlin na Room, maktaba ya Android ya kuhifadhi data. Inatumiwa na wenye maduka wa mitaa ya Umoja na Kayole, Nairobi, na wote walikuwa na hifadhidata ya toleo la 3. Toleo la 4 lilibaki kwenye simu yangu tu. Wiki hii nimetoa sasisho lenye toleo la 5, na wawili wamenipigia wakisema madeni yote yamepotea. Mwenye duka mwingine, ambaye hata hajasasisha, analia na mteja mmoja tu: jina lipo, madeni hayapo. Mwingine anasema mteja amelipa kwa M-Pesa, pesa imeingia, lakini malipo hayaonekani. Na nilipovuta faili ya hifadhidata kutoka simu yangu nikaifungua kwenye kompyuta, majedwali yalikuwa matupu, ilhali simu inaonyesha madeni kama kawaida. Je, Room ina hitilafu? Nihamie hifadhidata nyingine?"

Pole ndugu yangu. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, ingia Play Console, pale unaposimamia apu yako ya Play Store. Kama ulitoa sasisho kwa awamu, lisimamishe. Kama limeshakwenda kwa wote, angalia kama Play Console inakuruhusu kulisimamisha pia. Kwa vyovyote utalazimika kutoa toleo la marekebisho lenye namba ya apu ya juu zaidi, na ulitoe upesi. Kisha watumie wenye maduka ujumbe mfupi: wasisasishe apu, wasiifute, na wasibonyeze "futa data" kwenye mipangilio ya simu hata fundi wa Luthuli Avenue akiwaambia kwamba hiyo ndiyo dawa ya simu kujaa. Wale ambao bado hawajasasisha, sasisho halijayagusa madeni yao ya toleo la 3. Wakigusa sasisho ulilotoa, yatafutika kama ya wale wawili.

Room haina hatia hapa, na ukihamia hifadhidata nyingine utahama na matatizo yako. Umeleta malalamiko manne ukayafunga kwenye furushi moja la "data imepotea". Mimi nikiletewa kesi ya namna hii huwa nauliza jambo moja kabla ya kugusa kodi: je, data haikuandikwa, iliandikwa ikafutwa, au ipo lakini inatafutwa mahali isipokuwepo? Kila moja ina uchunguzi wake, na wengi wetu tunakimbilia la kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, mawili kati ya manne ni ya kufutwa na mawili ni ya kutafutwa mahali isipokuwepo. Hakuna hata moja ambalo data ilikosa kuandikwa.

Nianze na faili tupu, kwa sababu ndiyo iliyokutia hofu kuliko yote na ndiyo isiyo na ubaya wowote.

SQLite, ambayo Room imekaa juu yake, inaweza kuandika kwa mtindo unaoitwa WAL, ulioingia katika toleo la 3.7.0 mwaka 2010. Room huuchagua yenyewe kwenye simu nyingi, isipokuwa zile zenye kumbukumbu ndogo sana. Kwa mtindo huo, mabadiliko hayaendi moja kwa moja kwenye faili kuu. Ni kama mwenye duka wakati wa msongamano wa jioni: anaandika madeni kwenye karatasi ya pembeni, na wateja wakipungua anayahamishia daftarini. Fungua folda ya databases ya apu yako utaona faili tatu: daftari.db, daftari.db-wal na daftari.db-shm. Wewe ulichukua ya kwanza peke yake. Madeni yalikuwa kwenye ile ya pili, yakingoja kuhamishwa. Kwa kawaida SQLite huhamisha karatasi hiyo ikifika ukubwa fulani, au muunganisho wa mwisho unapofungwa vizuri. Kwenye Android apu mara nyingi haifungi chochote, inauawa tu na mfumo, kwa hiyo WAL inaweza kukaa na mzigo kwa muda mrefu. Hifadhidata changa yenye madeni machache inaweza kuwa yote iko humo, hata majedwali yenyewe.

Vuta faili zote tatu uziweke kwenye folda moja bila kubadilisha majina, halafu fungua daftari.db. Au usivute kitu: tumia Database Inspector iliyo ndani ya Android Studio tangu toleo la 4.1, kwenye simu ya Android 8 kwenda juu. Hiyo inasoma hifadhidata ikiwa hai, WAL ikiwemo. Hakikisha pia unaangalia apu yenyewe. Kama kwenye Gradle, yaani mipangilio ya kuijenga apu, umeongeza kiambishi cha ".debug" kwenye jina la apu, simu yako ina apu mbili zinazofanana sura na kila moja ina hifadhidata yake. Nimeona watu wakibishana nusu siku juu ya jambo hilo.

Ila kuna swali hukuuliza. Apu yako ina kitufe cha kuhifadhi nakala? Apu nyingi za madeni zinacho, na mara nyingi kitufe hicho kinafanya kile kile ulichofanya wewe, yaani kunakili daftari.db pekee kwenda kwenye folda ya Downloads au WhatsApp. Basi nakala za wateja wako hazina madeni ya karibuni, na hawatajua mpaka siku ya kuzihitaji. Kabla ya kunakili, toa amri ya PRAGMA wal_checkpoint kwa hali ya TRUNCATE, inayohamishia WAL yote kwenye faili kuu, soma matokeo yake uhakikishe hakuna muunganisho mwingine uliokuwa unaizuia, ndipo unakili. Na wakati wa kurudisha nakala, funga hifadhidata kwanza, kisha ondoa faili za -wal na -shm za zamani kabla ya kuweka mpya. Ukiacha karatasi ya daftari la zamani kando ya daftari lingine, unaweza kuiharibu kabisa hifadhidata uliyokuja kuiokoa.

Sasa wale wawili waliopoteza kila kitu.

Nina hakika kwamba kwenye kodi yako, mahali unapojenga hifadhidata, kuna mstari unaoitwa fallbackToDestructiveMigration. Uliuweka mwanzoni kwa sababu kila ulipobadilisha jedwali apu ilikuwa inaanguka, ukaona mtu mtandaoni akiupendekeza, apu ikaacha kuanguka, maisha yakaendelea. Mstari huo unaiambia Room: ukikuta toleo la zamani na hakuna njia ya kulifikisha kwenye jipya, vunja majedwali yote uyajenge upya yakiwa matupu. Jina lake linasema wazi, lakini nani husoma jina lefu hivyo saa sita usiku.

Wewe uliandika uhamishaji (maelekezo ya kubadilisha majedwali bila kupoteza data) wa kutoka 4 kwenda 5, bila shaka, kwa kuwa simu yako ilikuwa na 4. Ulijaribu, ukaona kila kitu kimevuka salama. Lakini wenye maduka walikuwa kwenye 3. Room ilitafuta njia ya 3 kwenda 5, ikaikosa, ikatii amri yako. Hakuna kuanguka, hakuna ujumbe wa hitilafu, apu imefunguka vizuri ikiwa tupu. Hata usingeliruka toleo la 4, jambo hili lingekupata siku moja. Watu wanaohesabu bando hawasasishi apu kila wiki. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima kwenye toleo la kale, halafu siku amepata Wi-Fi ya bure akaruka matoleo matatu kwa mkupuo. Uhamishaji lazima uwepo kutoka kila toleo lililowahi kufika mikononi mwa mtu.

Dawa ni hii. Ondoa mstari huo kabisa. Andika Migration ya kutoka 3 hadi 5 moja kwa moja. Room inakubali kuruka. Kama badiliko lilikuwa kuongeza safu ya tarehe ya kulipa kwenye jedwali la madeni, ALTER TABLE moja inatosha, lakini kumbuka kwamba SQLite haikubali kuongeza safu ya NOT NULL bila thamani ya kuanzia. Pia Room hulinganisha umbo la jedwali baada ya uhamishaji na kile ulichoandika kwenye Entity, yaani maelezo ya jedwali ndani ya kodi. Likitofautiana hata kwa NOT NULL, inatupa IllegalStateException. Afadhali hivyo. Apu iliyoanguka imeacha data mahali pake, na mwenye duka atakupigia simu akiwa na hasira lakini madeni yake yapo. Washa exportSchema ili umbo la kila toleo libaki kwenye hazina ya kodi, na utumie MigrationTestHelper kujaribu safari ya 3 hadi 5 ukiwa na mistari halisi ndani, maana jedwali tupu huhama vizuri siku zote.

Je, madeni ya wale wawili yanaweza kurudi? Usiwape matumaini makubwa. Yaliyofutwa kwa DROP TABLE kwenye simu ni vigumu sana kuyafufua, na mtu anayekuahidi kuyafufua kwa ada, mwogope. Tumaini lililobaki ni nakala ya Android yenyewe. Tangu Android 6, kama hukuzima allowBackup, mfumo huweka nakala ya data ya apu kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu, isiyozidi MB 25, na ni ya mwisho tu inayobaki. Nakala hiyo kwa kawaida hupigwa simu ikiwa imetulia, inachajiwa na iko kwenye Wi-Fi. Hapo umaskini wa Wi-Fi unaweza kukusaidia: huenda nakala ya mwisho ni ya kabla ya sasisho. Au huenda haijawahi kupigwa kabisa. Waambie wote wawili wazime Wi-Fi wakati wa kuchaji mpaka uwafikie.

Usirudishe nakala hiyo kabla toleo la marekebisho halijakuwa tayari. Kinachorudi ni hifadhidata ya toleo la 3. Ikikutana na apu ile ile yenye mstari ule ule, itafutwa tena mbele ya macho yako. Weka marekebisho Play Store kwanza, nenda dukani, nakili faili tatu zilizopo sasa pamoja na madeni mapya waliyoandika tangu tatizo lianze (kwa kitufe cha kutoa faili utakachoweka kwenye marekebisho hayo, maana faili za apu ya Play Store hazivutiki kwa kebo kama za apu ya majaribio), ndipo uondoe apu na kuiweka upya. Anza na simu moja. Na uliza kama bado wana daftari la karatasi. Wengi hawakuliacha, na wana haki.

Nakuja kwa mteja ambaye jina lipo na madeni hayapo. Mwenye duka huyo hajasasisha, kwa hiyo uhamishaji hauhusiki. Muulize: je, karibuni ulibadilisha namba ya simu ya mteja huyu, au ulisahihisha jina lake? Atasema ndiyo.

Angalia DAO yako, sehemu ya kodi yenye amri za kusoma na kuandika hifadhidata. Kuhifadhi mteja unatumia Insert yenye OnConflictStrategy.REPLACE, kwa sababu inafaa kwa mpya na wa zamani, mbinu moja kazi mbili. Halafu kwenye jedwali la madeni una ufunguo wa kigeni unaoelekea kwa mteja, wenye onDelete iliyowekwa CASCADE. Kila kimoja peke yake hakina neno. Vikikutana, ni maafa ya kimya.

Tuseme mteja ni namba 17, na ana madeni matatu: unga shilingi 180, mafuta 320, maziwa 65. Mwenye duka anabadilisha namba yake ya simu na kubonyeza Hifadhi. REPLACE ya SQLite haibadilishi mstari uliopo. Inaufuta mstari wa 17, kisha inaingiza mstari mpya wenye namba 17. Katika kufuta huko, CASCADE inaamka na kufagia kila deni lenye mteja_id 17. Kisha mteja anarudi akiwa na namba mpya, jina lile lile, kitambulisho kile kile, na deni la shilingi sifuri. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote. Ukimwambia mwenye duka kwamba ni bahati mbaya hatakuamini, na ukimwonyesha mteja atacheka hadi machozi.

Jaribu mwenyewe kwenye emuleta, Database Inspector ikiwa wazi upande wa pili: andika mteja, mwekee madeni, badilisha namba, tazama jedwali la madeni likipungua. Itakuchukua muda mfupi kuliko kubishana.

Badala ya REPLACE tumia Update kwa mteja aliyepo, au Upsert, iliyoingia Room 2.5.0 mwaka 2023 na ambayo husasisha mstari bila kuufuta. Hili halibadilishi umbo la hifadhidata, kwa hiyo liingie kwenye toleo lile lile la marekebisho ya haraka. CASCADE nayo iondoke, uweke RESTRICT, inayokataa kufuta mteja mwenye madeni, lakini hiyo ni kazi ya toleo la 6, kwa kuwa SQLite haina amri ya kubadilisha ufunguo wa kigeni: unajenga jedwali jipya, unanakili mistari, unavunja la zamani, unabadilisha jina. Usifanye upasuaji huo wiki hii ukiwa na moto mwingine. Kwa maoni yangu, kwenye apu ya madeni hakuna mstari unaopaswa kufutwa kabisa. Weka safu ya kuonyesha kwamba umeondolewa, uufiche kwenye skrini, uache fedha za watu zikae.

Kuhusu malipo ya M-Pesa yasiyoonekana, hapo data ipo, imekosana namba tu. Mwenye duka anaandika 07 na tarakimu nane, au 01 kwa laini mpya. Jibu la Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa) baada ya STK (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) linakuja na 254 mbele. Wewe unaunganisha malipo na mteja kwa namba ya simu, kwa INNER JOIN, na INNER JOIN ikikosa mwenzake haisemi kitu, inauacha mstari nje. Badilisha iwe LEFT JOIN kwenye Inspector uone mistari ya malipo isiyo na mwenyewe. Angalia pia aina ya safu ya namba. Kama ni INTEGER, sifuri ya mwanzo ilishaliwa tangu siku ya kwanza: unaingiza 07, kinachokaa ni 7. Iwe TEXT, na kila namba igeuzwe kuwa ya 254 pale pale inapoingia, si wakati wa kutafuta.

Hata hivyo mimi nisingeunganisha kwa namba ya simu. Mume analipa deni la mkewe kwa simu yake, kijana anatumwa dukani analipa kwa laini ya dada. Ukianzisha STK unapewa CheckoutRequestID, na kitambulisho hicho hicho kinarudi kwenye jibu. Kihifadhi pamoja na deni wakati wa kuomba malipo, kisha linganisha kwa hicho.

Kuna lingine ambalo hujaliona bado, ila nakuhakikishia liko njiani kama una skrini ya "Madeni ya leo". Neno 'now' la SQLite linatoa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na Nairobi iko saa tatu mbele. Mfanyabiashara wa soko la Marikiti anayeandika deni saa nane usiku, kwa UTC ni saa tano usiku wa jana, na deni lake litaangukia siku nyingine. Hifadhi muda kama milisekunde, ukokotoe mwanzo na mwisho wa siku kwa saa za Nairobi ndani ya Kotlin, upeleke namba hizo mbili kwenye SELECT. Usichanganye milisekunde na sekunde. Ya kwanza ina tarakimu 13, ya pili 10, na ukizilinganisha utapata ama kila kitu ama hakuna kitu.

Ukitaka kuomba faili za wenye maduka ili uchunguze, usiwaambie wazirushe kwenye kundi la WhatsApp. Faili ile ina majina, namba za simu na madeni ya majirani zao, na hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Omba ruhusa ya mwenye duka, ichukue ukiwa dukani kwake kwa kile kitufe cha kutoa faili, na ukimaliza uchunguzi ifute kwenye kompyuta yako. Ukiishapata faili ya mmoja wa wale wawili, soma kwanza PRAGMA user_version, yaani namba ya toleo la hifadhidata. Ikisema 5 na majedwali yana mistari ya wiki hii tu, nilichosema kuhusu uhamishaji kimethibitika. Ikisema 3, niandikie tena na unitumie sehemu ya kodi inayojenga hifadhidata, bila faili yenyewe.